Bei ya haki ya lethi kuukuu: mwongozo kamili kwa fundi wa Dodoma na Kanda ya Kati

Lethi, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikikata, ikiwa ya zamani haina bei ya dukani. Mashine mbili za jina moja, zilizotoka kiwandani mwaka mmoja, moja inaweza kuwa nafuu kwa milioni nane na nyingine ikawa ghali hata kwa milioni mbili. Huku kwetu kazi zipo: shafti za mashine za kukamua alizeti, bushi za trekta na pawatila, puli za mashine za kusaga, pini za tela, vipuri vya pampu za visima. Fundi mwenye lethi nzuri hakosi mteja, na kwa sababu hiyo anayenunua ya kwanza huwa na haraka. Dalali anaijua haraka hiyo na anaitoza.

Njia ninayoiamini ni kuanzia mwisho wa safari na kurudi nyuma. Jiulize mashine ikiwa imesimama kwenye karakana yako, imeunganishwa umeme na inakata chuma sawasawa, ina thamani gani kwako. Kisha toa kila shilingi itakayotumika kuitoa ilipo leo hadi ifike hapo. Kinachobaki ndicho cha kumpa muuzaji. Ukaguzi wote nitakaoueleza hapa una lengo moja, kuzipata hizo shilingi za kutoa.

Hatua ya kwanza: jua kazi yako

Vipimo viwili vinabeba bei: kipenyo kikubwa kinachoweza kuzunguka juu ya bedi (reli ndefu za chini), na urefu kati ya senta na senta, yaani kati ya ncha mbili zinazoshikilia kazi. Kwenye kipenyo kuna mtego. Waingereza wa zamani walitaja mashine kwa kimo cha kutoka katikati ya spindo (mhimili unaozunguka na kubeba kazi) hadi kwenye bedi, Wamarekani wakataja kipenyo kizima. Kwa hiyo lethi ya Kiingereza ya "inchi 6" inazungusha kitu cha karibu inchi 12. South Bend ya "inchi 9" ni mashine ndogo ya kuwekwa juu ya meza, wakati ya Kiingereza ya "inchi 9" ni dude zito la kiwandani. Ukiambiwa inchi, toa futi yako upime.

Tazama na tundu la spindo. South Bend hiyo ya inchi 9 ina tundu la robo tatu ya inchi, na la Myford ML7 halifiki hata milimita 16. Ni mashine safi kwa kazi ndogo, lakini fundi anayeishi kwa shafti za milimita 25 na kuendelea atahangaika nazo, hata akipewa kwa bei ya kutupa. Kama kazi yako ni puli kubwa na sahani za trekta, tafuta bedi yenye pengo karibu na chaki (kishikio chenye taya kinachokamata kazi). Pengo hilo linakupa kipenyo ambacho mashine yenyewe isingekuwa nacho.

Mashine isiyofaa kazi yako haina bei ya haki kwako. Achana nayo mapema.

Hatua ya pili: soma kibao

Majina utakayokutana nayo zaidi ni Colchester, Harrison, Boxford na Myford za Uingereza, South Bend ya Marekani, TOS ya iliyokuwa Chekoslovakia, 1K62 ya Usovieti, na HMT na Kirloskar za India. Jina lina thamani kwa mambo mawili tu: ubora ambao mashine ilikuwa nao ilipotoka kiwandani, na urahisi wa kupata vipuri na michoro yake leo. Kiwanda cha Myford pale Beeston, Uingereza, kilifungwa mwaka 2011, lakini mashine zake zina wapenzi wengi duniani na vipuri bado vinauzwa. Jina lisilo na mtu anayelijua ni sababu ya kushusha bei, hata kama mashine inang'aa.

1K62 nitaizungumzia peke yake kwa sababu inawavutia wengi. Ilianza kutengenezwa mwaka 1956, ni imara, na inakata chuma kwa nguvu ambayo Colchester ndogo haiwezi. Lakini uzito wake unapita tani 2, mota yake ya kawaida ni ya kilowati 10, na bila umeme wa fezi tatu haikusaidii kitu. Mara nyingi bei ya kuinunua ni ndogo na bei ya kuihamisha ndiyo kubwa. Usishangilie kabla hujapata bei ya kreni.

Umri peke yake hauongezi shilingi. Kuna wauzaji wa huku watakaokuambia mashine yao imebaki tangu mradi wa karanga wa Kongwa, ule wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuvunjwa mwaka 1951. Huenda ni kweli. Sikiliza kwa heshima, kisha inama uangalie bedi.

Hatua ya tatu: kagua, na usikimbie

Nenda mchana, ukiwa na tochi, kitambaa, mafuta ya taa, venia kalipa, geji ya mshale yenye kishikio cha sumaku, na kipande cha chuma laini cha mviringo cha milimita 30 hivi. Mwombe muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Mashine iliyopashwa moto huficha mengi.

Swali la kwanza kwa mwenyewe: ilikuwa inafanya kazi gani? Lethi iliyokaa gereji ikikereza ngoma za breki na diski imeteseka kuliko iliyokuwa chuoni, kwa sababu vumbi la chuma cha kasti linasaga. Ongeza na vumbi letu la kiangazi, linalonata kwenye oili na kugeuka dawa ya kusagia, na utaelewa kwa nini bedi ya mashine ya Dodoma inaweza kuwa imelika zaidi ya ile ya mji wenye mvua. Angalia kama vile vifutio vya sufi au mpira vinavyofagia bedi mbele ya keriji (sehemu inayotembea na kubeba kisu) bado vipo. Mara nyingi vimeshakufa siku nyingi.

Bedi ndiyo roho ya bei. Karibu kila kitu kingine kinabadilishika. Bedi iliyolika inahitaji kusagwa upya kwenye mashine kubwa, na gharama hiyo, pamoja na kuipeleka na kuirudisha, inaweza kupita thamani ya lethi yenyewe. Inalika zaidi sentimita 20 au 30 za kwanza kutoka kwenye chaki, kwa sababu kazi nyingi ni fupi na zinafanyika hapo. Futa oili kwa mafuta ya taa, pitisha ukucha kutoka sehemu ambayo keriji haifiki hadi sehemu inayotembea. Ukucha ukinasa kwenye ngazi, kuna ulikaji wa kuhesabika.

Kisha fanya jaribio la kukaza. Sogeza keriji karibu na chaki, kaza kidogo ile boliti ya kuifunga mpaka usikie inabana lakini bado inatembea. Sasa izungushe kuelekea telistoki (kichwa kidogo cha mwisho wa bedi). Kama inazidi kuwa nzito na mwisho inagoma, maana yake ni kwamba kule mbali bedi bado ni nene na hapa karibu imekwisha. Jaribio hili ni la bure na halidanganyi.

Niliwahi kuitwa Kizota kutazama lethi iliyopakwa rangi ya kijani upya, na fundi mwenzangu kijana alikuwa tayari amekwisha kubali bei moyoni. Rangi ilikuwa imepita hadi kwenye ukingo wa bedi, mahali ambapo keriji ingeikwangua siku ya kwanza ya kazi. Hiyo peke yake ilitosha kutuambia kwamba mashine haijakata chuma tangu ipakwe. Nikamwambia mwenye mali, "Shikamoo mzee. Mashine ni nzuri, ila tungeomba tuiwashe tukereze kipande kimoja." Akasema waya umekatika. Tukamwomba atupigie simu siku ukiunganishwa, tukaaga vizuri. Mashine isiyowaka inanunuliwa kwa bei ya mashine isiyowaka, hata kama tatizo kweli ni waya tu.

Ikiwaka, shika kile chuma cha milimita 30 kwenye chaki, kitokeze milimita 120 hadi 150 bila kukishikilia na senta upande wa pili. Kereza katikati kipungue, ubaki na pete mbili, moja karibu na chaki na moja mwishoni. Halafu pitisha kisu kikali juu ya pete zote mbili kwa mkato mwembamba mmoja, bila kugusa mpini wa krosi slaidi (sehemu inayosogeza kisu kuingia na kutoka kwenye kazi). Pima. Tofauti ya milimita 0.02 au 0.03 kwa mashine ya zamani ni ya kuvumilika. Ikiwa moja ya kumi ya milimita, kuna tatizo, lakini usikimbilie kusema bedi imekufa. Lethi nyingi mitaani zimewekwa juu ya sakafu isiyosawazishwa, na bedi iliyopindwa na sakafu inatoa matokeo yale yale. Iliyopindwa inanyooka kwa pimamaji ya mafundi na vipande vya bati chini ya miguu. Iliyolika hainyooki. Linganisha jibu hili na lile la kukaza: yakikubaliana kwamba ni ulikaji, toa fedha nyingi, la kukaza likiwa zuri na la pete baya, toa kidogo.

Spindo inafuata. Weka geji kwenye sehemu laini ya spindo penyewe, usiweke kwenye chaki, kwa maana chaki ina makosa yake. Zungusha kwa mkono. Halafu shika bomba refu kwenye chaki, linyanyue na kulishusha kama mtaimbo huku ukiangalia mshale. Milimita 0.01 au 0.02 ni sawa, 0.05 ni swali la kuuliza. Beringi za bushi, kama za South Bend nyingi, mara nyingi zinarekebishika kwa kupunguza vipande vya bati vilivyowekwa kwa kazi hiyo. Beringi za roli za usahihi ni suala jingine, bei yake itakushtua, kwa hiyo piga simu uulize kabla hujataja namba yoyote mbele ya muuzaji. Baada ya hapo iache mashine izunguke nusu saa kwa mwendo wa kati, na uweke kiganja juu ya beringi. Uvuguvugu ni kawaida. Kiganja kikishindwa kukaa, kuna kitu kinasagana.

Wakati inazunguka, pita kwenye kila mwendo, wa haraka na wa taratibu. Sikiliza mlio wa ko, ko, ko unaorudi kila mzunguko, maana ndio sauti ya jino lililovunjika. Gia za mwendo wa taratibu zivue kifuniko uzitazame kwa tochi. Mafundi wengi wanapotaka kufungua chaki iliyokwama huifunga spindo kwa kutumia gia hizo na kuvuta kwa nguvu, na meno ndiyo yanayolipa. Jino lililojazwa kwa kuchomelea na kutengenezwa kwa tupa litafanya kazi, ila lina bei yake ya kutoa.

Skrubu ndefu ya kukatia nyuzi inalika pale pale inapolika bedi. Linganisha nyuzi za karibu na chaki na zile za mwisho ambazo hazitumiki. Zikiwa zimechongoka kwa juu huku za mwisho zikiwa bapa, imechoka. Kama kazi yako ya nyuzi ni boliti za kawaida utaishi nayo kitambo.

Krosi slaidi ndiyo inayowatisha wanunuzi bure. Mpini ukizunguka robo nzima kabla slaidi haijasogea, watu husema mashine imekwisha. Nati ya shaba ndani yake imelika, basi, na nati hiyo inachongwa hapa hapa Dodoma kwenye lethi ya mwenzako. Itumie kwenye mazungumzo ya bei, lakini isikuondolee usingizi.

Telistoki iliyoshuka kidogo inanyanyuliwa kwa bati jembamba. Iangalie, andika, endelea.

Nyufa ni habari nyingine kabisa. Kwangua rangi pale unapoona mstari au uvimbe, hasa kwenye kichwa (sehemu inayobeba spindo) na miguu ya bedi. Paka mafuta ya taa, futa pakauke, paka chaki ya ubaoni iliyosagwa. Ufa utajichora wenyewe mafuta yakitoka. Ufa kwenye kifuniko si neno. Ufa kwenye kichwa au kwenye bedi, hata uliochomelewa vizuri, ondoka, au lipa bei ya chuma chakavu na uichukue kwa ajili ya vipuri.

Hatua ya nne: hesabu vifaa

Hapa ndipo wengi wa huku wanapoumia, kwa kuwa kilichokosekana hakipatikani mtaa wa pili. Lethi yenye chaki ya taya tatu, chaki ya taya nne, sahani ya uso (bamba la kufungia kazi kubwa), stedi zote mbili (vishikio vya kuzuia shafti ndefu isipinde), senta, kishika kisu na seti kamili ya gia za kubadilisha inaweza kuwa na haki ya kuuzwa mara moja na nusu ya ile iliyo tupu. Chaki ya taya nne usiidharau. Kazi za kukarabati, ambazo ndizo nyingi kwetu, mara nyingi haziko katikati, na taya tatu hazizikamati.

Gia ninayoitafuta kwanza ni ya meno 127. Inchi moja ni milimita 25.4, na 25.4 mara 5 ni 127, kwa hiyo kwa gia hiyo mashine yenye skrubu ya inchi inakata nyuzi za milimita kwa usahihi kamili. Bila hiyo au mchanganyiko unaokaribia, mashine ya Kiingereza ya miaka ya 1950 itakukatia nyuzi za inchi tu, wakati trekta na pikipiki zinazoingia leo nyingi zina nyuzi za milimita. Baadhi ya mashine za baadaye zina sanduku la gia linalokata zote mbili. Soma jedwali lililo kwenye kichwa.

Angalia pia jinsi chaki inavyofungwa kwenye spindo. Kwa nyuzi, kwa vifungo vya kuzungusha au kwa koni ndefu na nati. Andika kipimo, utakihitaji unapotafuta bei ya chaki.

Hatua ya tano: umeme

Umeme wa TANESCO wa nyumbani ni fezi moja, volti 230. Fezi tatu ni volti 400, na vyote ni hezi 50. Lethi nyingi za viwandani zina mota ya fezi tatu. Kabla ya kutoa ofa, ulizia ofisi ya eneo lako gharama ya kuvutiwa fezi tatu pale ulipo, maana inategemea nguzo ziko wapi.

Njia nyingine ni kifaa kinachopokea fezi moja na kutoa tatu, mafundi umeme wanakiita VFD. Kwa mota ndogo hadi kilowati 2.2 hivi kinafaa sana. Sharti ni kwamba hicho kifaa hutoa volti 230, kwa hiyo kibao cha mota lazima kionyeshe 230/400 ili iweze kuunganishwa upya. Mota za zamani zenye volti 415 peke yake huwa zimefungwa ndani bila nafasi ya kubadili, hapo utalipa fundi wa kusuka au utanunua mota. Mashine ya Marekani iliyotengenezwa kwa hezi 60 itazunguka polepole kwetu: mota ya mizunguko 1,725 inashuka hadi karibu 1,440. Kwa lethi hilo si tatizo kubwa, mradi volti ziwe sahihi.

Hatua ya sita: piga hesabu

Pata kwanza namba tatu. Ya chini ni bei ya chuma chakavu, uzito mara bei ya kilo ya wiki hiyo. Ya juu ni bei ya mashine mpya ya ukubwa huo, ya Kichina kwa mfano, ikifikishwa mlangoni kwako pamoja na kodi. Ya katikati ni kile ambacho kazi yako inaweza kulipa. Mimi hutaka lethi iliyotumika irudishe fedha zote ndani ya miezi 18. Kama baada ya kulipa umeme, kodi na kijana wa kazi unatarajia kubaki na 700,000 kwa mwezi, hiyo ni milioni 12.6, na gharama zote kwa pamoja zisipite hapo.

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kufundishia hesabu, ulizia za kwako. Mashine ya Kiingereza ya kilo 800 iko Morogoro, muuzaji anataka milioni 11. Ikiwa tayari kazini Dodoma unaithamini milioni 12.

Chaki ya taya nne haipo: 900,000.
VFD, swichi na fundi umeme: 1,100,000.
Nati ya krosi slaidi: 250,000.
Mikanda, oili na vitu vidogo: 350,000.
Kupakia, lori na kushusha: 1,200,000.
Akiba ya yale usiyoyaona, asilimia 10: 1,200,000.

Jumla ni milioni 5, kwa hiyo mwisho wako ni milioni 7. Ile akiba ya mwisho usiifute hata muuzaji akikukasirikia. Kama ungekuta bedi imelika kwa kipimo cha moja ya kumi ya milimita, usingetoa gharama ya kusaga, ungeshusha thamani ya kuanzia yenyewe, kutoka 12 hadi 7 au 8, kwa sababu mashine hiyo itafanya kazi za bushi na pini tu na haitafikia usahihi wa kazi za beringi.

Hatua ya saba: maelewano, karatasi na safari

Usiponde mali ya mtu. Mwonyeshe orodha yako: "Mzee wangu, mashine naipenda, ila chaki hii haipo, na umeme wangu ni fezi moja. Nikijumlisha na lori nafika hapa." Mtu akiona karatasi yenye hesabu anabishana na namba, habishani na wewe. Anzia chini ya mwisho wako, milioni 5.5 kwa mfano huu, na ukifika 7 simama.

Andikeni mkataba wa mauziano wenye jina la mashine, namba iliyogongwa kwenye bedi na orodha ya vifaa, mbele ya mashahidi na mwenyekiti wa mtaa. Kama mashine imetoka kwenye mnada wa taasisi, taka kuona stakabadhi ya mnada huo. Vyuma vyenye namba ya taasisi bila karatasi vinaweza kukupeleka kituoni.

Wakati wa kunyanyua, mnyororo au mkanda upite chini ya bedi, kamwe usipite kwenye spindo wala skrubu ndefu. Kichwa ndicho kizito, kwa hiyo sogeza keriji na telistoki mwisho kabisa wa upande wa pili kusawazisha, uzifunge. Paka bedi grisi nzito na ufunike turubai, vumbi la barabarani lisiingie. Kiasi kidogo cha fedha, laki mbili au tatu, kibaki mkononi mwako mpaka lori limefungwa kamba na kila kifaa cha kwenye orodha kimehesabiwa juu yake, gia ya meno 127 ikiwemo.